Ziara ya Bustani ya Wanyama: Waombeni Wawaonyeshe Ghala na Samadi

Mara ya kwanza nilipowaongoza wanafunzi kwenda bustani ya wanyama kwa ajili ya somo la uendelevu, tulipita haraka mbele ya kila kizimba, na kesho yake nilipowauliza walichojifunza, karibu wote walinisimulia jinsi simba alivyopiga miayo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilikuwa nimepanga matembezi na si somo.

Tangu hapo huchagua wanyama wawili au watatu tu, nami nawasihi walimu wenzangu wafanye vivyo hivyo. Tembo anafaa kuanza naye, kwa sababu tembo mzima hula zaidi ya kilo 100 za malisho kwa siku, na sehemu kubwa ya malisho hayo hutoka bila kumeng'enywa. Andikeni barua mapema mkiomba kuonyeshwa ghala la malisho na mahali samadi inapogeuzwa mboji, kisha waacheni wanafunzi wakokotoe wenyewe chakula cha juma zima, waulize kimetoka wapi na mabaki yake yanaishia wapi. Kundi langu moja lilikaa hapo zaidi ya saa nzima, na mwanafunzi ambaye darasani hanyanyui mkono ndiye aliyetaka kujua maji ya kuoshea mabanda huelekezwa wapi.

Orangutanu, nyani wakubwa wenye manyoya mekundu, huhitaji maandalizi zaidi. Misitu yao ya Borneo na Sumatra imefyekwa kwa kiasi kikubwa kupisha mashamba ya michikichi, kwa hiyo wanafunzi waje na karatasi za biskuti na sabuni kutoka nyumbani, watafute mawese katika orodha ya viambato. Msiwaache, hata hivyo, wahitimishe kwamba dawa ni kuyasusa mawese, maana mchikichi hutoa mafuta mengi zaidi kwa ekari kuliko soya au alizeti, na kuhamia mazao hayo kungedai ardhi kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, dakika hizo za kubishana ndizo zenye thamani kuliko zote katika ziara.

Kama bustani ina choroa wa Arabia, mnyama mweupe wa jangwani wa jamii ya swala, malizieni kwake: alitoweka porini mwaka 1972, na kuanzia 1982 akarudishwa katika jangwa la Oman kutokana na kundi lililozalishwa bustanini. Watoto waliotoka kusikia habari za misitu iliyofyekwa wanastahili kusikia na hili kabla ya kupanda basi.

Mkirudi, wapeni mizani, wapime mabaki ya chakula cha shule kwa juma moja, wakitumia maswali yale yale waliyomuuliza mtunza tembo.