Binti wa P2 Kampala: mimi nilianza na bango la matokeo, wewe anza na saa za gari

Dada, karibu Kampala. Kwa nilivyokuelewa, mnahama kutoka Mwanza, mtapanga Kyaliwajjala, kazi yako iko Industrial Area, na binti yako wa miaka saba aliyesoma kwa Kiswahili ataingia P2, yaani darasa la pili la msingi. Umepata shule mbili za binafsi. Moja ina bango la watoto waliopata daraja la kwanza, gari linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumrudisha saa kumi na mbili jioni. Nyingine ni ndogo, masomo yanaanza saa mbili na kwisha saa tisa, na jirani amekwambia huko watoto wanacheza tu. Nina watoto wawili, naishi Kireka, na nimesomesha katika shule za namna zote mbili. Ningempeleka hiyo ndogo.

Mwanangu mkubwa alikuwa P1 shule zilipofungwa Machi 2020. Zilifunguliwa tena Januari 10, 2022, na watoto wakapandishwa darasa wakati wengine walikuwa wamesahau hata kushika kalamu. Wazazi tulikuwa na hofu kubwa. Shule ikatuita, ikasema itafidia muda uliopotea: gari alfajiri, masomo hadi saa kumi na moja jioni, Jumamosi hadi saa saba mchana. Nilishukuru, nikalipa.

Kituo chetu kilikuwa cha kwanza kwenye mzunguko. Mtoto alipanda gizani, gari likazunguka Banda, Ntinda na Naalya kukusanya wenzake, na shule yenyewe si mbali na kwetu hata kidogo. Jioni mzunguko uleule, pamoja na foleni ya Jinja Road. Usiku mmoja alisinzia akila. Nilipombeba kumpeleka kitandani niliona shavu limevimba, nikaingiza kidole nikatoa tonge la matoke ambalo hakuwahi kulitafuna. Kwenye begi lake kulikuwa na madaftari manne ya kazi za nyumbani na karatasi za mitihani iliyopita zilizotolewa fotokopi. P2 huyo.

Hapa ndipo nataka unisikilize. Mtihani wa taifa, PLE, uko mwisho wa P7, darasa la mwisho la msingi, na una masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Tangu 2007 mtaala wa P1 hadi P3 unafundishwa kwa mada: shule yetu, nyumbani kwetu, mwili na afya, hali ya hewa. Umekusudiwa ufundishwe kwa lugha ya mahali, na P4 ndiyo mwaka wa kuvuka kuingia Kiingereza na masomo yaliyotenganishwa. Shule nyingi za binafsi mjini huanza Kiingereza tangu chekechea, hilo utalikuta kote. Lakini kumtenganishia mtoto wa miaka saba masomo na kumpa mtihani wa kufungua muhula, wa katikati na wa kufunga, huo ni uamuzi wa shule, mtaala haujamdai hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa "wanacheza tu", uliza wanacheza nini.

Mwanangu mdogo nilimpeleka shule ndogo, nikaomba kukaa darasani asubuhi moja. Walikuwa na duka kwenye kona: maboksi matupu ya sabuni, chupa za mafuta ya kupikia, vizibo vya soda ndiyo sarafu. Kila bidhaa imeandikwa bei. Mtoto mmoja muuzaji, watatu wanunuzi, na lazima useme kwa Kiingereza unachotaka, uhesabu, upokee chenji. Aliyekosea hakuchekwa, mwenzake alihesabu naye vizibo upya. Ndani ya nusu saa niliona hesabu, kusoma na kuongea, na hakuna aliyelala. Miezi miwili baadaye, soko la Nakawa, mwanangu alinivuta gauni kwamba mama wa nyanya ametupunguzia mia tatu. Alikuwa sahihi.

Kwa binti yako anayetoka kwenye Kiswahili, hiyo ni faida kubwa. Lugha ataishika kwa kuitumia. Akiwekwa kati ya watoto themanini wanaonakili ubaoni, atanakili vizuri sana asichokielewa.

Yule mkubwa nilimhamisha alipoingia P4. Wiki ya kwanza mwalimu wake alinipigia simu. Alimuuliza swali, mtoto akakosa, kisha akasimama akanyoosha mkono, kiganja juu, akingoja. Kule alikotoka kila alama iliyopungua ilikuwa na kiboko chake, na nyumbani hakuwahi kuniambia. Kuchapa shuleni kumekatazwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016, lakini mimi sikuuliza, niliangalia bango. Mwalimu yule alimwekea chaki kwenye kiganja, akamwita ubaoni walifanye pamoja. Bado nikilikumbuka nalia.

Sasa upungufu. Shule ya saa tisa inakuachia shimo hadi utoke kazini. Yetu ina malezi ya jioni hadi saa kumi na mbili kwa malipo ya ziada: wanakunywa uji, wanamaliza kazi zao, wanacheza mpira. Kama hiyo ya kwako haina, tafuta dada wa nyumbani au jirani kabla hujalipa ada, maana boda kila siku itakumaliza. Matokeo ya P7 ya shule yetu ni mazuri ila si ya kujaza bango, wachache hupata pointi 4, ambazo ndizo za juu kabisa. Nimeridhika nayo.

Mengine madogo yanayobeba familia: omba kalenda ya muhula mzima, si ujumbe wa usiku kwamba kesho kuna kikao. Vikao vyetu ni Jumamosi asubuhi, ndiyo maana hata baba yao anafika. Uliza ada inalipwa kwa awamu ngapi, na orodha ya mahitaji (fagio, karatasi za chooni, rimu za karatasi), usije ukashtukizwa siku ya kufungua.

Na Kiswahili chake usikiache. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kiwe somo la lazima, ila walimu bado ni haba, na watoto wetu tunawafundisha wenyewe nyumbani.

Muhula wa kwanza kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo mkifika mapema una muda. Kaa na dereva wa gari, umuulize kituo chenu ni cha ngapi asubuhi na cha ngapi jioni. Halafu siku ya masomo nenda saa nane mchana, simama dirishani kwa P2, uhesabu wangapi wamelaza vichwa mezani.