Anauza nyumba, na hatukuoana

SWALI: Nimeishi na mwenzangu miaka tisa hapa Malindi, bila ndoa. Hati ina jina lake; mabati, saruji na fundi nililipa mimi. Tumeachana, anauza. Nina changu?

JIBU: Unacho, dada, lakini si nusu kwa nusu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ni ya waliooana. Wewe utadai kwa mchango: mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliwagawia wawili wasiooana asilimia 70 na 30. Risiti za duka la vifaa mara nyingi hazina jina, basi zioanishe na taarifa za M-Pesa, tarehe kwa tarehe. Kwanza kabisa, weka zuio kwenye rejista ya ardhi. Akishahamisha hati, utabaki kufukuzia pesa. Mgao hufanywa baada ya kuondoa deni la mkopo wa nyumba na ada za wakili wa mauzo. Mkishindwana, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapo hapo Malindi.