Dada wa Bagamoyo, usiagize uzio wa mbwa kabla hujasoma hapa

Juzi usiku dada mmoja wa Bagamoyo kaniandikia: "Kaka, nimeona picha ya mbwa wako kakaa, geti liko wazi, hana mnyororo na hatoki. Umemfanya nini? Wangu kila jioni nawafuata hadi kule magofu ya Kaole, nimechoka."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Picha ni ya kweli. Mbwa kakaa, geti wazi, na mimi nyuma yake nimetuna kifua kama aliyejenga daraja. Kinachomzuia ni uzio usioonekana, waya uliozikwa chini na mkanda shingoni mwake. Ila picha haisemi yaliyotangulia, na yaliyotangulia mengi ni ya aibu. Kaa kitako, dada.

Mimi naishi Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, hatua chache kutoka barabara ya kwenda Segera. Malori ya saruji hayalali. Kiwanja changu ni kikubwa, nilikinunua nikiwa na ndoto ya ukuta wa kuzunguka wote. Fundi alipokuja kupiga hesabu ya tofali, nondo na mchanga, nikamwambia nitampigia simu. Mpaka leo sijampigia.

Mbwa wetu wa kwanza, Popi, aliuawa na lori. Nilimkuta alfajiri ukingoni mwa lami, dereva hata hakusimama. Nilimbeba kwenye gunia la katani nikamzika chini ya mwembe, na binti yangu wa miaka tisa alinishikia koleo. Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, huyo mwingine tutamfunga?" Miaka minne imepita na swali lile bado linanichoma.

Basi huyo mwingine, Tomi, tulimfunga. Mbwa wa mnyororo ukimwacha hivyo mchana na usiku anaharibika. Tomi alibweka mpaka sauti ikakauka, akazunguka nguzo mpaka ardhi ikawa duara jeupe lisilo na jani. Nikaona sijamwokoa, nimemhukumu.

Hapo ndipo shemeji yangu aliporudi likizo kutoka Marekani na sanduku moja. Kule, ananiambia, watu wenye bustani zisizo na ukuta wanatumia uzio usioonekana tangu miaka ya 1970. Kuna kisanduku unakichomeka kwenye umeme ndani ya nyumba. Kinatoka waya mmoja, unauzungusha kiwanja chote na kuurudisha pale pale ulipoanzia, unauzika chini kidogo. Waya unabeba mawimbi hafifu ya redio. Mbwa anavaa mkanda shingoni wenye kipokezi na vijino viwili vya chuma. Akiukaribia waya, mkanda unalia. Akiendelea mbele, vijino vinampiga mshtuko mdogo. Anayepiga ni mkanda, kwa hiyo mtoto akikanyaga pale waya ulipozikwa hapati kitu.

Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Nikachomeka siku ile ile. Adapta ikatoa moshi. Umeme wetu ni volti 230, adapta ile ilitengenezwa kwa umeme wa kwao wa volti 120, na mimi, mtu mzima mwenye kutengeneza redio za watu, sikugeuza kile kidude kusoma kilichoandikwa nyuma. Adapta nyingine niliipata mjini. Kisanduku chenyewe kilipona, sijui kwa bahati ya nani.

Kuchimba sitakusimulia. Pongwe ni mawe ya chokaa, nilikwenda na sururu siku nne. Bagamoyo kwenu ni mchanga, utamaliza asubuhi moja.

Sasa sikiliza makosa yangu. Kosa la kwanza, kipande cha waya kinachotoka kwenye kisanduku mpaka kufika mpakani lazima ukifanye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kama msuko wa nywele. Zikisokotwa, mawimbi ya kwenda na ya kurudi yanauana, mbwa anapita juu yake salama. Mimi niliona kusokota ni kupoteza waya. Kwa hiyo Tomi akawa anapigwa barazani, pale pale anapokula. Siku mbili hakugusa ugali wake na mimi nikadhani ana minyoo, nikamnunulia dawa!

Kosa la pili ndilo kubwa. Maelekezo yalisema umfundishe mbwa kwa wiki mbili. Mimi nilimfundisha Jumamosi moja. Nilimvuta mpaka mpakani, akapigwa, akalia, nikasema keshajua. Alikuwa keshajua kweli, ila alichokijua sicho. Waya nilikuwa nimeupitisha ukingoni kabisa, karibu na njia wanayopita watoto wa madrasa saa kumi alasiri. Tomi anakimbia kuwaangalia, anapigwa. Kesho tena. Katika akili ya mbwa, linalouma si waya asiouona, ni hawa watoto wenye kanzu na mabuibui wanaopita hapa. Mbwa aliyekuwa akitikisa mkia akaanza kukunja pua na kuonesha meno kila akisikia sauti za watoto. Mzazi mmoja alikuja kunilalamikia, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba mbwa wangu yuko kwenye mfumo wa kisasa. Najuta maneno yale kuliko adapta.

Halafu ikaja usiku wa mbwa jike. Kuna jike la mtaani lilikuwa kwenye joto la kutaka dume, na umeme ulikatika kama saa nne usiku. Kisanduku kikazima, na uzio ukazima pamoja nacho. Tomi akaondoka zake. Umeme ukarudi kabla ya alfajiri, Tomi yuko nje bado. Nilipofungua mlango nilimkuta upande wa pili wa mpaka, kakaa, mguu mmoja kauinua, analia kwa ndani. Namwita, anasogea, mkanda unalia, anarudi nyuma. Uzio ulioshindwa kumzuia wakati wa kutoka ulikuwa unamzuia kuingia nyumbani kwake.

Na katika kusubiri huko alikuwa amemwona babu jirani akitoka kwenda msikitini kuswali alfajiri, akamkimbilia kwa furaha, akamlamba mkono na kuacha mate kwenye kanzu.

Nilikimbia nikiwa na kikoi tu. "Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mbwa wako kanilamba."

"Nisamehe sana babu yangu."

"Msamaha umeupata. Mimi natafuta udongo." Akageuka akarudi kwake kuosha, mara saba, moja kwa udongo, na sala ya jamaa ikampita. Hakupandisha sauti hata kidogo. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Siku ile nilimvua Tomi mkanda, nikauchimbua waya wote upande wa njia. Shemeji akanicheka kwenye simu, akasema nianze upya kama mtu mwenye adabu. Nilianza upya. Waya nikaurudisha ndani hatua nne kamili kutoka njiani, ili mbwa akisimamishwa awe mbali na wapitao. Nikachomeka vibendera vyeupe kila hatua mbili ili aone kwa macho mahali sauti inapoanzia. Vijino nikavifunika kwa mpira, ikabaki sauti tu. Asubuhi robo saa, jioni robo saa, namtembeza kwa kamba kuelekea kwenye vibendera. Mkanda ukilia, namgeuza haraka, namsifu, dagaa mmoja. Dagaa wakavu, dada, hakuna biskuti ya mbwa inayowashinda. Siku ya sita mkanda ulilia na Tomi akageuka mwenyewe akaniangalia mkononi. Nilimpa mkono mzima wa dagaa, binti yangu akasema ninadeka kuliko mbwa.

Wiki ya pili ndipo nikavifungua vijino, kwa nguvu ya chini kabisa. Alipigwa mara mbili tu. Vibendera nikaving'oa kimoja kimoja. Miezi minane sasa hajatoka. Naam, najisifu, nimelipia haki ya kujisifu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni fundisha. Ukiona umefundisha vya kutosha, fundisha tena. Kifaa hakimfundishi mbwa, kinamkumbusha alichofundishwa. Watu wengi mnaoniandikia mnauliza bei na mnauliza duka, hakuna hata mmoja anayeniuliza habari ya dagaa. Tunapenda kununua kuliko kukaa na mnyama robo saa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana nasema kwa ukali.

Mkanda usikae shingoni mchana na usiku. Mimi namvua usiku na kumfungia bandani, kwa sababu vijino vikikandamiza sehemu moja saa nyingi vinachimba kidonda, na kwa joto letu la Tanga kidonda hakikawii kuoza. Kila jioni pitisha vidole chini ya mkanda. Angalia na betri yake. Kwa ajili ya umeme kukatika, kisanduku kiwekee betri ya akiba. Radi za masika zikianza, chomoa kila kitu na mbwa umwingize ndani.

Na usijidanganye kwamba umejenga ukuta. Uzio huu unamzuia mbwa wako tu. Mbwa koko wanaingia wanavyotaka, na wako akitaka kuwakimbia anakutana na mshtuko wake mwenyewe. Waliingia wawili kwangu mwezi wa nne, nikawatoa kwa fagio. Kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa usiiache hata mwaka mmoja. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kama mbwa wako ni mkali au mwoga kupita kiasi, kifaa hiki si chake. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita vilevile. Kuna wasomaji watakaosema ni ukatili mtupu, na hawako peke yao: Wales walipiga marufuku mikanda ya umeme mwaka 2010. Siwabishii. Mimi namlinganisha Tomi na lile gunia la katani, wao wanalinganisha na mbwa mwenye ukuta. Ningekuwa na ukuta nisingeandika makala hii. Na kama una nafasi ya kupanda michongoma leo, ipande, huku unafundisha. Mimi yangu imefika magotini.

Babu bado akifika kwangu alfajiri anavuka upande wa pili wa njia, fimbo mkononi. Tomi anakaa hatua nne ndani, anamwangalia mpaka anapotea kwenye kona. Jana nilimsalimia, akaitikia, akaongeza, "Leo kakaa mbali." Nikasema ndiyo babu. Akasema, "Basi mwache hapo hapo."