Tumbawe Langu Limejikunja

SWALI: Nina tangi la maji chumvi la lita 120 sebuleni, hapa Migosi, Kisumu. Rafiki yangu wa Mombasa alinikatia kipande cha tumbawe kutoka kwenye tangi lake, aina ile ya minyiri yenye ncha kama nyundo. Lilichanua vizuri miezi minne. Joto lilipozidi nikaweka feni juu ya maji, na sasa, wiki tatu baadaye, limejikunja na kupauka upande mmoja. Maji hupungua lita moja kwa siku, nami hufidia kwa maji niliyoyatia chumvi kwa kipimo sawasawa. Nimelisogeza pia karibu na taa. Nakosea wapi?
Mwalimu, Migosi

JIBU: Mwalimu, usiongeze tena maji ya chumvi. Kinachogeuka mvuke ni maji matupu. Chumvi yote hubaki tangini. Tupige hesabu. Kila lita uliyoongeza ilikuwa na gramu 35 za chumvi. Kwa siku 21 hizo ni gramu 735, na kama ulianza na gramu 35 kwa lita, sasa unakaribia 41. Chumvi hiyo inaifyonza maji nyama ya tumbawe, ndipo linapojikunja.

Thibitisha kwa refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji, usikisie. Ukikuta 41, toa lita 3 za maji ya tangi, rudisha lita 3 za maji matamu. Kiwango kitashuka kama gramu moja kwa lita. Rudia kesho, na keshokutwa, mpaka ufike 35. Usishushe yote siku moja! Mimi hapa Nakuru nilibadilisha nusu ya maji kwa mkupuo, na tumbawe langu la kwanza likamomonyoka nyama mbele ya macho yangu. Bado naumia nikilikumbuka.

Maji hayo matamu yasiwe ya mfereji, yana klorini, wala ya mvua iliyopita kwenye mabati. Wanaouza maji ya kujaza mitungi, waulize kama mashine yao inachuja kwa osmosi, yaani kupitia utando unaozuia chumvi, na kama hawarudishi madini.

Feni iache iendelee kuzunguka, nyuzi 25 au 26 zinalifaa. Fidia tu kila asubuhi kwa maji matamu.

Kuhusu taa, lirudishe chini leo hii. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wadogo mno wanaolitengenezea chakula kwa mwanga. Likitaabika huwatoa, likabaki jeupe. Ndivyo yalivyopauka matumbawe mengi ya pwani yetu bahari ilipopata joto mwaka 1998. Jeupe si lazima liwe limekufa, lakini mwanga mkali sasa unaliunguza. Maadamu nyama ingali imeshika mfupa, lilishe mara mbili kwa wiki kipande cha kamba mbichi wa baharini, kidogo kama punje ya mchele, jioni minyiri inapochungulia.

Niandikie kipimo cha siku ya saba.