Mama ana miaka 61, yuko Leeds: anastahili nini?

Ndugu, pensheni ya serikali ya Uingereza kwa umri wa mama ni hadi afikishe 67. Lakini England, ilipo Leeds, kuanzia 60, dawa alizoandikiwa na daktari ni bure, na kupima macho pia; miwani atalipia. Basi la bure ndilo linalowachanganya wengi: Scotland na Wales ni 60, Leeds asubiri umri wa pensheni.

Kikubwa, akague sasa rekodi yake ya Bima ya Taifa (National Insurance, michango inayojenga pensheni). Pensheni kamili kwa kawaida hudai miaka 35 inayohesabika kwenye rekodi hiyo. Je, analea mjukuu wa chini ya miaka 12 wazazi wakiwa kazini? Aombe mwaka huo uhesabiwe kwake. Mzazi lazima atie saini fomu. Tafadhali msichelewe, miaka iliyokosekana kwenye rekodi kwa kawaida unaweza kuilipia hadi miaka 6 nyuma tu.