Septrin ilimchubua ngozi: je, anaweza kuirudia?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kike alipewa Septrin. Katika wiki ya pili akapata homa, macho mekundu na vidonda mdomoni, kisha malengelenge na ngozi ya kifua ikachubuka. Vipimo vikaonyesha kuwa ini nalo limeathirika. Sasa amepona. Je, anaweza kuirudia kwa dozi ndogo?

JIBU: Hapana, Septrin, ambayo ni antibiotiki ya jamii ya salfa, asiirudie hata nusu kidonge, hata kwa majaribio akiwa hospitalini. Maelezo yako yanalingana na ugonjwa wa Stevens-Johnson, yaani mwili kuikataa dawa vikali hadi ngozi na utando wa mdomo na macho kuchubuka, ambao kwa kawaida huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ianze kutumika. Kwa kuwa hutanguliwa na homa, wengi hudhani ni malaria au surua na kuendelea kumeza vidonge. Kinachonitia mimi wasiwasi zaidi ni ngozi inayouma badala ya kuwasha tu, na inayochubuka ikisuguliwa kidogo kwa kidole.

Hatua ya kwanza ya tiba ni kusimamisha dawa siku hiyo hiyo. Baada ya hapo mgonjwa hutunzwa kama aliyeungua moto: chumba chenye joto, maji ya mshipani, dawa za maumivu, vidonda kufunikwa kwa vitambaa visivyonata, na macho kuonwa mapema na mtaalamu, kwa sababu kope zinaweza kugandamana na jicho na kovu lake likaharibu uoni. Antibiotiki nyingine hutolewa pale tu dalili za maambukizi zinapoonekana. Kuhusu steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, wataalamu bado wanabishana.

Vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda kwenye damu ini likiathirika, kwa kawaida hushuka taratibu dawa ikishaachwa, lakini kipimo kirudiwe hadi viwe sawa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi au macho yakigeuka manjano, arudi hospitali mara moja.

Amoksilini, antibiotiki nyingine, si ya jamii ya salfa, hivyo hakatazwi kwa sababu ya tukio hili. Fansidar na dawa nyingine za SP (sulfadoksini na pirimethamini), kinyume chake, zina salfa, na ndizo wanazopewa wajawazito kliniki kukinga malaria. Akishika mimba, aseme kabla hajakabidhiwa vidonge. Kwenye kadi yake pasiandikwe "mzio wa dawa" tu, bali "Stevens-Johnson kutokana na Septrin, asipewe salfa".