Pesa ya mwani ni ya nani, mke au mume?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mi nalima mwani huku kusini Unguja, bwana wangu mvuvi. Kila tukishapima mwani na tajiri akalipa, bwana anachukua pesa yote, anasema mke hana mali mbele ya mume na yeye ndo kanipa ruhusa ya kwenda pwani. Mwezi uliopita kachukua tena, kasema ni mkopo wa injini. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Pesa hiyo yako, nakwambia mwanzo kabisa usije ukasoma mpaka chini una wasiwasi. Suratun Nisaa aya ya 32, wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma, sasa hapo mume anaingilia wapi?

Hii ya ruhusa naisikia sana. Kweli sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, mke akitoka anamtaka ruhusa mumewe, silifichi hilo, lakini ruhusa sio hisa jamani. Bamvua likifika, maji yakipwa sana, nani anainama kwenye maji tangu asubuhi anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, mpaka vidole vinachanika? Na mwani ulipoanza Zanzibar 1989 wanaume wengi waliuona kazi ya kike, bei ndogo, leo ikifika siku ya mzani ndo wanakumbuka kuwa wao waume!

Bi Maimuna, mke wa Mtume (s.a.w), alimwacha huru kijakazi wake bila kumuuliza Mtume, akaja kumwambia baadae. Mtume akamwambia ungewapa wajomba zako ungepata thawabu zaidi, basi, hakumuuliza nani kakuruhusu.

Unga na nguo ni juu ya mumeo hata kama wewe una pesa kumshinda. Ukimsaidia kwa radhi yako ni sadaka, na mke wa Ibn Masuud, sahaba wa Mtume, aliambiwa ana ujira mara mbili, wa sadaka na wa ujamaa. Ila radhi, sio kunyang'anywa, alichochukua bila radhi yako ni deni shingoni mwake.

Zungumza nae akiwa ametulia, sio siku karudi na ngalawa tupu. Akikataa mtafute mzee wa kwao anaemsikiliza, ikishindikana Kadhi yupo. Na huo mkopo wa injini uandikeni, ndivyo inavyosema Suratul Baqara aya ya 282, kiasi na tarehe ya kulipa na mashahidi, hata nyuma ya daftari la mtoto inatosha.